Fumbo la Jumamosi Barazani Petu



Tangu Mfunguo Mosi uliopita, nyumbani petu kumeingia mazoea mapya. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, mkeka hutandikwa barazani, birika la kahawa huletwa, na watu wa nyumba hukusanyika kukizunguka kipande kimoja cha gazeti. Hakina habari za siasa wala za mpira. Ni karatasi yenye visanduku vyeusi na vyeupe, na pembeni yake sentensi ambazo, kwa mtazamo wa kwanza, hazina kichwa wala miguu.

Aliyetuletea jambo hili ni binti yangu mkubwa, aliyerejea kutoka mji wa Leicester, Uingereza, alikokuwa akisomea uuguzi. Huko alipanga chumba kwa ajuza mmoja mjane, na kila Jumamosi asubuhi bibi yule alimwita jikoni wakafumbue pamoja chemshabongo ya gazeti. Binti alipofunga safari ya kurudi, bibi akamkabidhi rundo la karatasi hizo kuwa kumbukumbu.

Nakiri kwamba mwanzoni nililiona jambo lenyewe ni upuuzi. Nikamwambia, "Mwanangu, visanduku vya Waingereza vitatufaa nini?" Akanijibu kwa adabu, "Baba, nipe robo saa tu. Ukisema tuache, tutaacha." Nikampa robo saa. Jua likatua tungali tumeinamia karatasi, na alikuwa ni muadhini aliyetuinua.

Yafaa kwanza nieleze mchezo huu ni wa namna gani, kwani wengi wetu tunaijua chemshabongo nyepesi tu, ile inayouliza "mji mkuu wa Misri" nawe ukajaza herufi. Hiyo ndiyo iliyotangulia. Iliasisiwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, na ilichapishwa mara ya kwanza mjini New York tarehe 21 Disemba 1913. Ilipovuka bahari na kufika Uingereza, wafumbaji wa huko hawakutosheka na maswali ya wazi. Mwaka 1926, Edward Powys Mathers alianza kutunga katika gazeti la The Observer chemshabongo za mafumbo matupu, akajiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya mateso ya Hispania. Msomaji atakisia mwenyewe kwa nini mtunga maswali alichagua jina hilo! Gazeti la The Times lilianza kuchapisha chemshabongo yake mwaka 1930, na hadi leo fumbo la mwisho wa juma ni sehemu ya desturi za nyumba nyingi za Uingereza. Wala halikuwa la kupitishia wakati tu. Mwezi wa Januari 1942, katikati ya vita, gazeti la The Daily Telegraph liliwaita wasomaji washindane kuifumbua chemshabongo kwa dakika 12. Baadhi ya waliofaulu waliitwa baadaye kufanya kazi ya siri Bletchley Park, mahali palipofumbuliwa maandishi ya siri ya Wajerumani.

Siri ya mchezo ni hii. Kila kidokezo kina sehemu mbili zilizounganishwa kama kwamba ni sentensi moja. Sehemu moja yatoa maana ya jibu. Sehemu ya pili yaonyesha namna ya kulipata jibu lilo hilo kwa njia ya herufi: pengine neno limefichwa ndani ya maneno mengine, pengine herufi zimevurugwa zipangwe upya, pengine neno lasomwa kinyume kutoka mwisho, pengine vipande viwili vimeunganishwa. Mfumbaji huitandaza sentensi yake ili uifuate njia ambayo siyo. Kwa mfano, Mwingereza akisoma neno flower hufikiria ua la bustanini. Katika chemshabongo huenda neno hilo likasomwa "kitu kinachotiririka", na jibu likawa jina la mto.

Binti aliponieleza mfano huo wa mto nikapiga paja. "Lakini hii ni tauriya!" nilisema. Waliosoma balagha wanakumbuka kwamba tauriya ni kutumia neno lenye maana mbili, moja ya karibu na moja ya mbali, huku msemaji akikusudia ile ya mbali. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 516 Hijria, sawa na 1122 Miladia, aliifanyia kazi kubwa katika Maqamat zake. Katika mojawapo faqihi huulizwa maswali 100 ya sheria, na majibu yake humshangaza kila asikiaye. Swali moja lamhusu mwenye udhu aliyegusa naali, nalo jibu ni kwamba udhu wake umetenguka. Msikilizaji hujiuliza tangu lini kiatu kikatengua udhu, kumbe katika Kiarabu cha kale neno lilo hilo hutumika pia kwa maana ya mke. Nasi tulio wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii twajua ya kumgusa mke. Basi nikaketi vizuri. Nilichodhani ni kigeni kilikuwa kimekaa rafuni mwangu miaka 30.

Mke wangu naye hakuhitaji Al-Hariri. Alisikiliza kidogo, kisha akasema, "Haya si ya kwetu haya?" Na alisema kweli. Washairi wa Mvita na Amu, tangu enzi za Muyaka bin Haji na kabla yake, walifumbiana na kufumbuliana kwa beti. Kila aliyelelewa na bibi alikuwa akitegewa vitendawili usiku, na aliposhindwa alitoa mji ndipo apewe jibu. Tofauti ni kwamba kitendawili hukificha kitu ndani ya sura ya kitu kingine, na chemshabongo hii hukificha pia ndani ya herufi zenyewe. Mke wangu akauliza kwa nini basi tusitunge za Kiswahili. Tangu siku hiyo karatasi za Leicester zikawa za kujifunzia, na kazi ya Jumamosi ikawa ni kutunga zetu.

Nawapa chache ili msomaji aonje. Binti yangu alianza: "Ndani ya sina ziada mwatoka tui. Herufi 4." Ukiyatazama maneno "sina ziada" herufi baada ya herufi, utaikuta NAZI imekaa katikati kimya, nayo nazi ndiko litokako tui. Mwanangu mkubwa wa kiume akafuata: "Mke na nusu ya kaka, cha kutandikia sakafu. Herufi 5." MKE, kisha KA ambayo ni nusu ya kaka, na hapo una MKEKA. Mama watoto akatushinda sote kwa maneno machache: "Mmoja huchinjwa, wa pili hukaliwa. Herufi 5." Tulihangaika mpaka kahawa ikapoa. Jibu ni MBUZI, wa kuchinja na wa kukunia nazi. Ilikuwa ni tauriya kamili, imetoka jikoni.

Nami nikaona ni zamu yangu kuonyesha elimu. Nikatunga: "Chombo cha mwenye hekima, huvuka pasi na maji. Herufi 6." Nilijiona nimetunga johari. Wote wakashindwa, nikatangaza kwa fahari kwamba jibu ni KALAMU. Nilitarajia sifa, lakini binti yangu aliinamisha kichwa kidogo, kisha akasema, "Baba, uniwie radhi, fumbo hili si la haki. Mtu aweza kuandika kamusi, aweza kuandika mawazo, na wewe ungekataa yote mawili bila ya hoja. Hukutupa herufi hata moja ya kutuongoza."

Ndipo akanieleza kanuni ambayo wafumbaji wa Uingereza waliivutania kwa miaka mingi. Derrick Macnutt, aliyetunga kwa jina la Ximenes katika gazeti la The Observer baada ya Torquemada, aliandika kitabu kizima mwaka 1966 kuhusu ufundi huu, akasisitiza kwamba mfumbaji ana deni kwa msomaji wake. Ana ruhusa ya kumpoteza njia. Hana ruhusa ya kumdanganya. Kila neno alilolitia liwe na kazi yake, na sehemu zote mbili za kidokezo ziufikie mlango mmoja, ili mtu akishafika ajue kwa yakini kwamba amefika. Fumbo ambalo jibu lake lajulikana na mwenye kulitunga peke yake ni kiburi kilichovikwa kilemba.

Neno hilo lilinichoma. Nilikumbuka maswali mangapi nimeyauliza darasani ambayo mtoto hakuwa na njia yoyote ya kuyajibu isipokuwa kubahatisha yaliyomo kichwani mwangu, kisha nikamhesabu kuwa hakusoma. Lakini somo kubwa zaidi lilikuwa bado liko njiani.

Nina mtoto wa mwisho, mvulana wa miaka 12. Ana kigugumizi. Akisoma Qur'ani ulimi wake hunyooka, alhamdulillahi, ila katika mazungumzo herufi ya kwanza humkwama, na kadiri watu wanavyomtazama ndivyo inavyozidi kukwama. Amezoea kunyamaza. Nasi watu wa nyumbani tulizoea kummalizia maneno yake, tukidhani twamhurumia.

Jumamosi ya nne binti alitupa kidokezo hiki: "Samaki wavurugika wakati wa mvua kubwa. Herufi 6." Nilikitwaa mara moja. Nikasema hapana shaka anatakiwa samaki, na samaki mwenye herufi 6 ni changu. Mwanangu mkubwa akataja dhoruba, tukahesabu, zikawa 7. Nikashikilia changu. Nikatoa hoja za pepo za kusi na mawimbi yanavyowatoa samaki miambani. Katikati ya maneno yangu yule mdogo akaanza kusema, "Ma... ma..." Nami bila hata kumgeukia nikamwambia, "Mamako yuko jikoni, aleta kahawa." Akanyamaza. Nikaandika CHANGU kwa wino, na binti akasema kwa upole kwamba jibu atalitoa baada ya sala ya magharibi.

Usiku, nilipokuwa nikikunja mkeka, nikaiona karatasi ya mtoto. Pembeni, kwa penseli, alikuwa ameyaandika maneno SAMAKI na duara kulizunguka, herufi zake zimekatwa moja baada ya nyingine, na chini yake, kwa mwandiko safi, MASIKA. Herufi ni zile zile sita, zimevurugika kama kidokezo kilivyosema, nayo maana yake ni wakati wa mvua kubwa. Njia zote mbili zilifika mlango mmoja. Mtoto hakuwa akimwita mamake. Alikuwa akitupa jibu, nami nikamfungia mlango.

Usingizi ulichelewa usiku ule. Nilikumbuka hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar, radhi za Allah ziwe juu yake na juu ya baba yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwauliza masahaba zake fumbo: ni mti gani usiopukutika majani yake, na ambao mfano wake ni wa Muislamu? Watu wakaiendea kwa mawazo miti ya jangwani. Ibn Umar moyoni mwake akajua kwamba ni mtende, lakini alikuwa mdogo kuliko wote waliokuwapo, na wakubwa wamenyamaza, akaona haya kusema. Baadaye alipomweleza baba yake, Umar akamwambia kwamba lau angelisema, lingekuwa jambo la kupendeza kwake kuliko kupata kadha wa kadha.

Hadithi hii nimeisomesha kwa miaka 30. Kila mara niliieleza kwa upande wa mtoto: adabu yake, haya yake, akili yake. Sikupata kuitazama kwa upande wa baba. Umar hakujua kwamba mwanawe ana jibu, na alipojua alitamani lingesemwa hadharani. Mimi mwanangu alikuwa amefungua kinywa, nami nikamkatiza. Ibn Umar alizuiwa na haya. Wangu alizuiwa na mimi.

Asubuhi baada ya sala ya alfajiri nilimwita. Nilimwambia, "Jana ulilipata fumbo, mimi nikalikosa, na kosa la pili ni kwamba sikukusikiliza. Nisamehe." Hakusema kitu. Alitabasamu, akaibusu mikono yangu kama ada yetu, akaenda zake chuoni.

Jumamosi iliyofuata tulibadilisha taratibu. Sasa kila mtu hupewa karatasi yake, na kidokezo kikisomwa hakuna ruhusa ya kusema mpaka kila mmoja ameandika au amekiri kushindwa. Kisha majibu husomwa kuanzia kwa mdogo, na mimi ni wa mwisho. Haramu yetu ya barazani ni moja: kummalizia mtu neno lake. Likichukua dakika nzima kutoka, twasubiri dakika nzima. Wiki ya kwanza mimi ndiye niliyetaka kuivunja kanuni, na mama watoto akanitazama tu, akasema, "Maalim, mpishe na mwenzako aseme." Nikapisha.

Baada ya majibu huja sehemu niipendayo zaidi, nayo ni mjadala. Kila kidokezo hupimwa: je, kilikuwa cha haki? Neno hili lilikuwa na kazi gani? Kulikuwa na jibu la pili? Mtungaji hulazimika kukitetea kidokezo chake, na hapo mtoto wangu wa mwisho huzungumza. Siandiki haya kuwa ni dawa. Kigugumizi chake kipo. Lakini mwenye hoja mkononi husikilizwa kwa namna nyingine, naye amelijua hilo. Juzi alimtetea "samaki" wake mbele ya binamu zake waliokuja kututembelea, akakwama mara kadhaa, na hakuna aliyecheka wala aliyemsaidia.

Binti yangu alitusimulia habari moja aliyoisikia jikoni kwa ajuza yule. Kulikuwa na mchungaji wa kanisa, John Graham, aliyetunga chemshabongo katika gazeti la The Guardian tangu mwaka 1958 na kujulikana kwa jina la Araucaria, na mashabiki wake walikuwa wengi mno. Mwezi wa Januari 2013, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90, aliuguliwa na saratani ya umio. Hakuitoa habari ile kwa tangazo. Aliiweka ndani ya chemshabongo yake, hata wasomaji walipokuwa wakijaza visanduku, herufi baada ya herufi, wakalisoma jina la ugonjwa na aina ya matibabu anayopewa. Barua za pole zikammiminikia. Aliendelea kutunga, akafariki mwezi wa Novemba mwaka huo, umri wake miaka 92.

Nilimfikiria sana mzee yule, ijapokuwa dini yetu si moja. Watu wamezoea kusema kwamba fumbo ni la kuficha. Kwake yeye lilikuwa ni la kusemea lililo gumu kusemwa, na kwa wale aliowaamini kwamba watakuwa na subira ya kulifikia. Wamo majumbani mwetu wenye maneno ya aina hiyo: mtoto ambaye ulimi wake ni mzito, binti aonaye haya mbele ya wajomba zake, mkongwe asemaye kwa methali kwa sababu jambo lenyewe lamuumiza. Wametoa vidokezo, na pengine vya haki kabisa. Aliyekosekana ni mwenye kungoja mpaka herufi ya mwisho.

Kwa wanaotaka kujaribu nyumbani, gharama ni karatasi na penseli. Anzeni na maneno ya jikoni, ya ufuoni na ya shambani, kwani ndiyo yenye maana mbili mbili, na watoto watajifunza msamiati ambao wameanza kuusahau. Msicheze kwa kuwekeana pesa, na adhana ikitoka karatasi zifunikwe, fumbo halitakimbia. Waacheni wadogo waanze, na wakubwa wajizoeze kukosea mbele ya watoto wao. Ni zoezi gumu, lakini lina faida.

Namaliza kwa kidokezo alichokitunga kitinda mimba wangu juma lililopita, nami nilikishindwa mpaka akanionea huruma. Aliomba kitolewe hapa bila ya jibu, nami nimemwahidi: "Amu ikirudi nyuma, huchoma nyama mezani. Herufi 3." Jibu ni wiki ijayo, insha'Allah. Atakayelipata mapema asiliseme kwa sauti. Amngoje kwanza aliye mdogo kuliko wote nyumbani.

Wabillahi tawfiq.